Geoffrey Milne, Mtu Aliyeusoma Udongo wa Nchi Zetu

Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea wasomaji wetu maisha ya wanavyuoni na watawala waliotangulia. Safari hii twaleta maisha ya mtu ambaye hakuwa mwanachuoni wa dini wala mtawala, wala hakuwa wa mila yetu. Alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa kemia ya udongo, naye alifariki mwaka 1942. Jina lake hutajwa katika vyuo vya kilimo duniani kote, walakini hapa pwani, karibu na mahali alipofanya kazi yake kubwa, ni wachache mno walilolisikia.

Sababu ya kumchagua ni hii. Mmoja katika wahudhuriaji wa darasa letu la Msambweni alitujia na huzuni kubwa. Alikuwa amekata msitu upande wa milima ya Shimba, akauchoma, akapanda mahindi. Mwaka wa kwanza alivuna vizuri sana. Mwaka wa pili mavuno yalipungua. Mwaka wa tatu mahindi yalisimama magotini, majani yakageuka manjano na zambarau, na ghala likabaki tupu. Watu wakamwambia kuwa jirani yake amezika kitu shambani kwa husuda. Akauza mbuzi wawili kumlipa mganga achimbue kilichozikwa, na salamu kati yake na jirani yule zikakatika. Alitujia kutaka dua.

Dua tuliomba, kwani haimnyimi mtu kheri. Kisha tulimwuliza kabla ya msitu kukatwa majani yaliyoanguka yalikwenda wapi, na baada ya kuuchoma jivu lilikwenda wapi. Hakuwa na jibu. Jibu lake alilipata Geoffrey Milne zaidi ya miaka 80 iliyopita, katika milima ya Usambara, ambayo si mbali na Vanga wetu.

Milne alizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, akasomea kemia ya kilimo. Mwaka 1928 alikuja Tanganyika kuwa mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima ya Usambara ya Mashariki. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, nacho kilikuwa na sifa kubwa kwa bustani yake ya miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia. Vita vya kwanza vilipokwisha kikawa chini ya Waingereza. Tusifiche: kituo hicho hakikujengwa kwa ajili ya mkulima wa Kidigo wala wa Kibondei. Kilijengwa kwa faida ya wenye mashamba makubwa ya kahawa, mkonge na mpira. Lakini maarifa yakishapatikana hayana bendera, na mwenye akili huyachukua popote ayaonapo.

Alipofika Amani alikuta fumbo lililowashinda wengi waliomtangulia. Katika miaka ya 1890 Wajerumani waliuona msitu wa Usambara ya Mashariki, miti yake mirefu iliyonona, mvua zake nyingi, wakahukumu kwamba ardhi inayokuza miti kama hiyo haina budi kuwa na rutuba isiyo na mwisho. Wakakata msitu, wakapanda kahawa, wakatumia fedha nyingi. Miaka ya mwanzo kahawa ilikubali. Kisha mibuni ikaanza kudhoofu, mavuno yakashuka mwaka hadi mwaka, na mashamba mengi yakaachwa. Walilaumu wadudu, wakalaumu maradhi, wakalaumu bei. Wachache walilaumu hukumu yao wenyewe.

Milne hakuutazama msitu kwa juu. Alichimba mashimo, akaangalia tabaka za udongo moja baada ya moja, akapima kila tabaka. Alichokigundua alikieleza mwaka 1937 katika makala juu ya udongo wa Usambara ya Mashariki na namna ya kuutunza. Udongo ule mwekundu uliokuwa chini ya msitu ulikuwa maskini. Mvua za maelfu ya miaka zilikuwa zimeuosha, zikachukua chokaa na potasiamu, zikauacha na uchachu mkali. Utajiri wote ulikuwa katika miti yenyewe na katika tabaka jembamba la juu la majani yaliyooza. Jani huanguka, huoza, na kabla mvua haijakichukua kilichomo ndani yake, mizizi ya msitu imekwisha kukinyakua na kukirudisha juu. Msitu uliishi kama mfanya biashara mwenye mtaji mdogo anayeuzungusha upesi bila ya kupoteza senti. Aliyekata msitu aliukata mzunguko huo. Kahawa ilikula akiba ya mtaji kwa miaka michache, na ilipokwisha haikubaki kitu.

Hapa ndipo lilipo jambo tunalotaka msomaji alishike. Watu husema shamba hili lina rutuba, lile halina, kana kwamba rutuba ni maji ndani ya mtungi, ama yamo ama hayamo. Sivyo. Chakula cha mmea chaweza kuwamo katika udongo na mmea ukafa kwa njaa, kama mtu aliyefungiwa nje ya ghala lake mwenyewe. Kuwamo si kupatikana. Kinachofunga na kufungua mlango huo ni tabia za udongo wenyewe, nazo tutazitaja nne.

Ya kwanza ni ukubwa wa chembe zake. Chembe za mchanga ni kubwa, baina yake mna nafasi pana, maji hupita mbio na kuteremka na naitrojeni na potasiamu hata mizizi isiyafikie. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, na nyuso zake zina nguvu ya kuvuta na kushika potasiamu, chokaa na magnesi, zikiviachia kidogo kidogo mizizi inapovihitaji. Kwa hiyo mbolea ile ile, kipimo kile kile, hukaa katika udongo wa mfinyanzi na hukimbia katika mchanga.

Ya pili ni mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na samadi yaliyooza. Mboji hushika chakula kuliko hata mfinyanzi, hushika na maji, na ndani yake ndimo inamokaa karibu naitrojeni yote ya udongo. Katika udongo wa mchanga mboji ndiyo ghala pekee iliyopo. Ikichomwa au ikiachwa juani ikauke na kupeperuka, ghala limevunjwa.

Ya tatu ni uchachu. Wataalamu huupima kwa hesabu inayokwenda toka 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini yake ni uchachu kama wa ndimu, juu yake ni ukali kama wa chokaa. Mimea mingi tunayoila hupenda baina ya 6 na 7. Udongo ukishuka chini ya 5.5, madini ya alumini yaliyokuwa yamelala katika mfinyanzi huyeyuka na kuidhuru mizizi, hata ikawa mifupi na mizito. Fosforasi nayo hushikwa na alumini na chuma, isiweze kutoka, na ndiyo maana majani ya mahindi hugeuka zambarau. Na udongo ukipanda juu ya 7.5, mlango mwingine hufungwa: chuma, manganizi na zinki huwamo tele lakini haviyeyuki, na fosforasi hufungwa tena, mara hii na chokaa. Jani changa hugeuka manjano na mishipa yake ikabaki kijani.

Ya nne ni hewa. Mizizi ya mimea mingi hupumua. Ardhi iliyotuamisha maji huwa haina hewa, mizizi husongwa, na vijidudu vya udongo hugeuza naitrojeni kuwa hewa ikapotea juu. Mpunga huvumilia hali hiyo. Mahindi hayavumilii.

Msomaji akizishika nne hizi ataelewa kwa nini katika milima ile ile iliyoishinda kahawa, chai ilikuja kustawi baadaye na ingali ikilimwa. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Lakini chai ni mmea unaopenda uchachu, na alumini inayoiua mizizi ya mingine yenyewe huistahimili. Udongo mbaya kwa mmoja huwa makao ya mwingine. Milne alifundisha kwamba mtu aujue udongo kwanza, kisha auchagulie mmea, wala asichague mmea kwa tamaa ya bei kisha akaulazimisha udongo.

Kazi yake ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1932 wataalamu wa udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana Amani, na kutokana na ushirikiano huo ikachorwa ramani ya udongo wa Afrika ya Mashariki yote, ambayo Milne ndiye aliyeiongoza. Ilichapishwa mwaka 1936, kila kipimo kimoja juu ya karatasi kikisimamia milioni mbili juu ya ardhi. Yeye na wenzake waliiita ramani ya muda, kwa kuwa walijua kuwa waliyoyaacha ni mengi kuliko waliyoyaandika. Huo ni unyenyekevu wa mwenye elimu, nao wafaa kuigwa.

Katika kuichora ramani hiyo alikutana na taabu. Katika nchi za bara, kwa mfano Usukuma, udongo hubadilika kila baada ya hatua mia chache. Juu ya kilima penye majabali pana udongo mwekundu, ukiteremka kidogo ni mchanga wa kijivu, chini zaidi ni tabaka ngumu, na bondeni ni udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Rangi ngapi zingetosha kuchora mabadiliko hayo yote? Milne akaona kwamba mabadiliko hayo hayakuwa ya ovyo. Yalijirudia kwa utaratibu ule ule, kilima baada ya kilima. Udongo wa juu na wa chini ulifungamana kama pete za mnyororo uliotundikwa baina ya vilele viwili. Mvua huchukua chembe nyembamba na chokaa iliyoyeyuka kutoka juu na kuziweka chini, na kile kinachopungua huku ndicho kinachozidi kule. Basi hakuchora kila pete, alichora mnyororo mzima na kuupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, yaani katena. Aliieleza fikra hiyo mwaka 1935, na tangu hapo neno hilo limeingia katika vitabu vya elimu ya udongo ulimwenguni.

Akaongeza jambo ambalo kwetu watu wa Kwale lina maana khasa. Alisema minyororo hiyo ni ya namna mbili. Wa kwanza ni ule ambao mwamba wa kilima ni mmoja toka juu hadi chini, na tofauti za udongo zimeletwa na maji na mteremko peke yake. Wa pili ni ule ambao mteremko umekata miamba mbalimbali, kila mwamba ukazaa udongo wake.

Wala hakuwadharau wenyeji. Wasukuma walikuwa tangu zamani na jina kwa kila pete: luseni kwa mchanga wa mteremko, itogolo kwa ardhi ngumu ya chini, na mbuga kwa udongo mweusi wa bondeni, nao walijua kila mahali papandwe nini. Neno hilo la mbuga Milne aliliingiza katika maandishi yake ya elimu kama lilivyo.

Toka Disemba 1935 hadi Februari 1936 alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika akichimba na kuandika, na khabari za safari hiyo zilichapishwa mwaka 1947, baada ya kufa kwake. Mwaka 1938 alikwenda Marekani na visiwa vya Karibi kujifunza udongo wa huko. Miaka minne baadaye alifariki, hajatimiza miaka 50, wakati dunia imeshughulika na vita na wachache walipata nafasi ya kumkumbuka. Baada ya vita hivyo kazi ya utafiti wa kilimo ilihamishwa Amani kwenda Muguga karibu na Nairobi.

Thamani ya elimu yake ilidhihirika haraka, na kwa hasara kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, katika Tanganyika. Matrekta yakaletwa, miti ikang'olewa, na watu wakaajiriwa kwa maelfu kabla udongo na mvua za mahali pale havijachunguzwa inavyopasa. Wakati wa kiangazi udongo ule wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, hata karanga zikawa hazing'oki, na mchanga wake ukala vyuma vya majembe. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zimepotea. Ramani ya Milne ilikuwapo tangu miaka 11 kabla ya jembe la kwanza kuingia Kongwa. Wenye nguvu na mali wakikosa kuuliza hupata yale yale yampatayo mnyonge asiyeuliza. Tofauti ni kwamba wao huandikiwa hasara kitabuni, naye hulala na njaa.

Sasa turudi nyumbani. Mtu akisimama juu ya Shimba, akateremka hadi ufuoni Diani, atapita juu ya mnyororo wa namna ile ya pili, ingawa ni mrefu na mpana kuliko vilima alivyovipima Milne. Juu kabisa ni miamba ya mchanga iliyozaa udongo mwepesi, uliooshwa na mvua, mchachu, wenye chakula kidogo nje ya mboji. Chini yake ni vilima vya mchanga mwekundu. Mchanga huo ulichimbwa nyuma ya Msambweni toka mwaka 2013 hadi 2024 kwa ajili ya madini ya titani, ukapakiwa merikebuni Likoni. Ni ajabu ya kutafakari: mchanga uliokuwa mali kwa viwanda vya ng'ambo haukuwa mali kwa muhindi, kwani wekundu wa chuma hauulishi mmea, na kilicho cha thamani sokoni si lazima kiwe chakula cha mzizi. Kisha pwani kabisa ni jiwe la matumbawe, ambalo udongo wake ni haba, umejaa chokaa, na ukali wake hupanda juu ya saba.

Basi dawa ya huku ni sumu ya kule. Chokaa inayochomwa kwa matumbawe, na jivu la jikoni, vyaweza kuponya shamba chachu la Shimba kwa kuupunguza uchachu na kuifungulia fosforasi. Lakini vikimwagwa katika shamba la maweni, Diani au Gazi, vitazidisha ufungwa wa chuma na zinki. Sisi wenyewe tulifanya kosa hilo katika ua wetu ulio juu ya matumbawe. Tulimwaga jivu miaka miwili chini ya michungwa tukidhani twaifanyia ihsani, na kila tulipozidisha jivu ndivyo majani yalivyozidi kuwa manjano. Tulipoacha jivu tukaweka samadi iliyooza na matandazo ya majani, yakaanza kurudi kijani.

Na ndugu yetu wa Shimba? Kilichompata ndicho kilichowapata Wajerumani wa Usambara. Moto wake uligeuza msitu kuwa jivu, jivu likautuliza uchachu kwa muda na kutoa potasiamu na fosforasi kwa mkupuo. Mavuno ya kwanza yalikuwa urithi wa msitu. Mvua mbili za masika zikauosha urithi huo kwenda bondeni, naitrojeni ikapanda na moshi, mboji ikaisha, uchachu ukarudi. Hakuna mkono wa jirani katika hayo. Wazee waliolima pande zile hawakuwa wajinga walipolima kipande miaka miwili mitatu kisha wakakiacha kirudie kichaka. Walikuwa wakiurudisha mzunguko. Leo ardhi imebana, mashamba yamegawanywa kwa urithi, na kukiacha kipande kipumzike miaka 10 si wengi wanaokuweza. Kwa hiyo lile lililofanywa na kichaka hatuna budi kulifanya kwa mikono yetu.

Tulimshauri hivi, nasi twamshauri kila msomaji. Asichome mabaki ya mavuno, ayatandaze. Achanganye mahindi na kunde, mbaazi au pojo, ambazo mizizi yake huvuta naitrojeni kutoka hewani. Samadi asiitawanye shamba zima ikawa kidogo kila mahali, aitie ndani ya mashimo ya kupandia. Mbolea ya dukani asiipige marufuku wala asiitegemee peke yake, kwani nyingine, kama salfeti ya amonia, huzidisha uchachu ikitumiwa miaka mfululizo. Palipo chachu mno apande muhogo na mikorosho, inayostahimili umaskini wa mchanga. Na kabla ya kutumia senti moja, audodose udongo wake. Achukue udongo wa kina cha shibiri moja kutoka pembe 15 au 20 za shamba, auchanganye, aupeleke kupimwa. Kituo cha utafiti wa kilimo kipo Matuga, naye aweza kuanzia huko kuuliza. Asiyeweza leo, atie matone ya siki juu ya udongo: ukichemka kwa mapovu, una chokaa tele, asiuongezee.

Alipotuuliza afanye nini na jirani yake, tulimwambia kuwa hilo halihitaji kipimo cha udongo. Jioni ile ile alikwenda kwake akamwomba radhi, nao wakala pamoja.

Geoffrey Milne alikaa Afrika ya Mashariki miaka 14 tu, na alichowaachia watu wa nchi hizi ni karatasi chache na neno moja. Lakini alifanya lile lililowashinda wengi walioishi juu ya udongo huu umri mzima: aliinama, akachimba, akaangalia kabla ya kuhukumu. Mungu atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kutuhumu.